Siku ya Tatu Tangu Nishuke

Daktari wa zamu anasema ni masikio,
kuna maji humo ndani hayajajua kwamba nimefika.
Basi nasimama jikoni, hapa Erie, Pennsylvania,
nimeshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili
na sakafu inapanda, inashuka,
inapanda.
Nje theluji imefika kwenye vioo vya gari.
Ziwa limeganda hadi pale macho yanapochoka.

Wanangu walichanga. Siku niliyostaafu
walinipa bahasha, na ndani yake Karibi:
siku saba, chumba cha peke yangu,
kidirisha cha duara kisichofunguka.
"Mama, safari hii usifanye chochote."
Nikasema sawa.
Sikujua wamenipa kazi ngumu.

Miaka kumi na tisa nimefua mashuka ya hospitali.
Najua damu haitaki maji ya moto.
Najua shuka la aliyepona na la aliyekufa
hutoka kwenye mashine na uzito ule ule.
Asubuhi ya kwanza baharini niliamka saa kumi na moja,
nikatandika, pembe zote nne, sawasawa na sheria.
Akaja Rodel, kijana anayehudumia vyumba vya upande wetu,
akatazama kitanda, akanitazama mimi.
"Mama, tafadhali. Msimamizi ataniuliza nilikuwa wapi."
Tangu hapo nikawa navuruga mashuka makusudi,
huku naona haya kama mwizi.

Jioni aliniachia taulo lililokunjwa likawa tembo.
Kesho yake kima, ananing'inia kwenye pazia.
Sikuthubutu kuwakunjua.
Nilijifutia khanga.

Nilisahau kusema:
kabla ya kung'oa nanga walitufunza kuvaa maboya.
Watu walipiga picha, walicheka hadi machozi.
Mzee mmoja wa Ohio, shati lake kasuku watupu,
alivaa lake kichwani.
Mimi nilikaza kamba mara mbili,
nikahesabu mashua za kuokolea, kushoto, kulia,
nikazidisha kwa watu.
Tunatosha.
Nikahesabu tena.

Ile nyingine, ya kutoka Baraka kuvuka kwenda Kigoma,
usiku, mimi na mimba ya Faida,
haikuwa hata na kopo.
Tulifua maji kwa viganja.
Kufua. Neno ni hili hili moja,
nimelibeba toka ziwa hadi ziwa
na mikono yangu haijawahi kuuliza tofauti.

Kisiwa cha tatu, mwanamke wa kofia za ukili
aliwaita wote kwa sauti, mimi akanipita.
Halafu akarudi, akaninong'oneza bei nyingine, nusu.
Nikachukua mbili.
Kwenye ngazi ya meli mlinzi aliwapungia mkono wenzangu,
mimi akadai kadi. Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Samahani, mama. Nilidhani unauza."

Chakula? Kilikuwepo hadi usiku wa manane.
Kamba wakubwa, barafu iliyochongwa bata.
Nilikula. Nisiseme uongo, nilikula sana.

Asubuhi ya mwisho nilimkuta Rodel anavua kitanda changu.
Hakusema kitu. Alinirushia ncha moja ya shuka.
Tukalivuta, tukalipiga kofi hewani,
tukaendeana, pembe kwa pembe,
vidole vyake vikapokea vyangu,
tukarudi nyuma, tukaendeana tena,
kama nilivyokunja na Doreen miaka yote ile
chini ya bomba la mvuke linalovuja.
"Wewe umesomea," akasema.

Sasa mjukuu wangu Sifa amekaa juu ya meza,
anatazama kitu nilichokunja kwa taulo la jikoni.
"Ni panya?"
Ni tembo.
"Mbona ameinama?"
Shika meza, namwambia, shika vizuri,
na yeye, ambaye sakafu yake haijawahi kusogea,
anashika.